Kwa nini data ya redio ya ridhaa bado inatambaa, na jinsi ya kuisogeza wewe na mwenzako

Weka redio ya VHF kwenye masafa ya APRS, mfumo ambao watu wa redio ya ridhaa (wenye leseni wanaorusha kwa hiari, si kwa biashara) hupeana taarifa fupi, kisha kaa usikilize. Mlio unaokatakata utakaousikia ni wa toni mbili, moja ya hezi 1200 na nyingine ya hezi 2200. Toni hizo ni za Bell 202, modemu ya simu ya mezani ya miaka ya 1970. Itifaki inayopanda juu yake, yaani kanuni za kupanga data katika vifurushi vinavyoitwa pakiti, ni AX.25, na toleo lake la 2.0 lilichapishwa mwaka 1984. Tangu hapo kompyuta zimebadilika hadi hazitambuliki, na sisi wa redio ya ridhaa bado tunarusha biti 1200 kwa sekunde. Hiyo ni herufi 150, tena siku ambayo hali ya hewa ni shwari na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Mimi hufunga vituo vya pakiti, vyangu na vya wenzangu, na vijana wanaokuja na hamu ya kujifunza wananiuliza swali lilelile: kwa nini mmekwama hapa? Wanauliza kwa haki, na wanastahili jibu lenye maana kuliko "ndivyo tulivyoikuta". Nitaeleza sababu kwanza, maana usipoijua utamwaga nguvu pasipohitajika. Kisha nitaeleza hatua. Unahitaji leseni, redio ya FM, kompyuta yoyote ya kawaida, na mtu mmoja wa kushirikiana naye. Huyo mtu mmoja ana uzito kuliko vifaa vyote.

Sheria inalaumiwa kupita kiasi

Wengi huanza na sheria, na kweli ina sehemu yake. Kwa miongo kadhaa kanuni za FCC, msimamizi wa mawasiliano nchini Marekani, ziliweka kikomo cha baudi 300 (alama 300 kwa sekunde) kwa data kwenye masafa yaliyo chini ya MHz 28. Kwa sababu hiyo PACTOR-4, mtindo wa data wenye kasi zaidi uliokuwa ukitumika kwingineko, haukuruhusiwa kule. Kikomo kiliondolewa kwa uamuzi wa Novemba 2023 ulioanza kutumika Januari 2024, na mahali pake pakawekwa kikomo cha upana wa kilohezi 2.8. Na kwa kuwa Marekani ina watumiaji wengi na watunzi wengi wa programu, kufungwa kwao kulituchelewesha hata tulio mbali.

Lakini tazama upande wa pili. Kanuni hizohizo ziliruhusu kilobaudi 19.6 kwenye bendi ya mita 2 na kilobaudi 56 kwenye bendi ya sentimita 70. Ruhusa ilikuwepo miaka yote hiyo, na bado watu wengi walibaki na 1200. Kwa hiyo sheria haitoshi kueleza jambo hili.

Nionavyo mimi, kinachotukwamisha ni kwamba tunagawana chaneli moja. Atakayehamia mtindo mpya peke yake hatasikika na yeyote, na atakayebaki na mtindo wa zamani atasikika na wote. Basi kila mtu, kwa akili zake timamu, anabaki. Hapo hakuna uvivu wala ujinga. Ni hesabu ambayo kila mmoja anaifanya kwa usahihi, na jumla yake inatukwamisha sote.

Kuna na jambo la pili: tunapitisha data kwenye redio zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Tundu la maikrofoni na la spika hupitisha takriban hezi 300 hadi 3000, yaani kile kinachohitajika ili maneno yaeleweke. Toni za Bell 202 zinaingia humo vizuri, ndiyo maana zilipendwa. Chochote chenye kasi zaidi kinakwaruza kuta.

Linganisha na FT8, mtindo wa kidijitali wa ujumbe mfupi sana. Ilitoka mwaka 2017 kwa kazi ya Joe Taylor na Steve Franke, ikaenea kwa kasi ambayo redio ya ridhaa haikuizoea. Taylor, ambaye ni mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993, tayari alikuwa na programu iliyokuwa mikononi mwa watu kwa ajili ya JT65 na mitindo mingine. FT8 ikaja ndani ya programu ileile, kwa redio zilezile za sauti za SSB, bila kununua kitu. Watu walisasisha programu, wakakutana upande wa pili. Mtindo wenyewe hubeba biti 77 tu kila sekunde 15, haukusudiwi kupeleka barua wala picha, lakini njia uliyopita ni ya kuigwa: mpya iingie kupitia mlango wa zamani.

Kwenye sauti za kidijitali tulifanya kinyume. D-STAR ilitoka Japani, DMR ikaletwa kutoka redio za kibiashara, Yaesu wakaja na Fusion. Zote tatu hutegemea kodeki (njia za kubana sauti) za familia moja ya AMBE, ambazo ni mali ya kampuni, na bado mwenye redio ya mfumo mmoja hamsikii wa mfumo mwingine bila mtambo wa kutafsiri katikati. Mtu wa ridhaa anayetaka kufungua kifuniko aone ndani kuna nini anakutana na kufuli. Ndiyo maana nawatia moyo watu wa M17, mfumo wa sauti wa kidijitali ulio wazi, na Codec 2, kodeki yake, kazi ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuzijenga upya.

Basi kazi yako ni hii: ongeza ubora bila kumfungia jirani mlango, kisha hama na mtu mmoja, kisha wa tatu aje.

Safisha sauti kwanza

Usiguse kasi kabla ya kusafisha ulichonacho. Vituo vingi ninavyovikuta vinapoteza pakiti kwa sababu ya kiwango cha sauti, na mwenyewe anadhani ni antena.

Tumia Direwolf. Ni programu huria, inageuza kadi ya sauti kuwa modemu, na inazungumza sana, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Kila pakiti inayonaswa huandikiwa mstari wenye kiwango cha sauti, mfano `audio level = 50(25/24)`. Namba ya kwanza ni kiwango cha jumla. Rekebisha sauti ya kuingia mpaka vituo vingi viwe karibu na 50. Ikiwa juu sana vilele vya sauti vinakatwa na toni zinaharibika.

Namba mbili ndani ya mabano hazitazamwi na wengi, na mimi ndizo ninazozitazama kwanza. Ya kushoto ni nguvu ya toni ya 1200, ya kulia ni ya 2200. Redio ya FM hunyanyua sauti nyembamba inaporusha, na redio inayopokea huzishusha kwa kiasi hichohicho ili zirudi sawa. Ukichukua sauti kabla ya hatua hiyo ya kushusha, toni ya 2200 inakuja ikiwa na nguvu zaidi kwa desibeli 5 hivi. Ukiichukua kwenye spika ya redio ndogo, au kwenye redio inayoshusha mara mbili, ya 2200 inakuja dhaifu. Zikikaribiana, mambo ni mazuri. Ukiona 30 kwa 12 kwa kila kituo unachokipokea, shida iko kwako. Ukiiona kwa kituo kimoja tu, mpigie mwenye kituo umwambie kwa upole, maana yeye hawezi kujisikia mwenyewe.

Iache wazi skwelchi ya redio, yaani mlango unaonyamazisha sauti pasipo ishara. Direwolf yenyewe inatambua kama kuna data hewani, haihitaji kufunguliwa mlango. Skwelchi inayochelewa kufunguka hula mwanzo wa pakiti.

Upande wa kurusha, tumia kebo halisi ya kuwasha kirushio: bandari ya siriali, pini ya kompyuta ndogo, au kadi ya sauti yenye pini hiyo. Epuka VOX. VOX hungoja sauti ndipo iwashe, na pakiti ikiisha hubaki imewasha kwa muda. Katika muda huo mwenzako anakutumia jibu kwamba amepokea, na wewe bado unarusha, humsikii. Utairudia pakiti, naye atajibu tena, na mtalaumu chaneli.

Kwa kiwango cha kurusha, lenga mchepuko (kiasi ambacho sauti inayumbisha masafa) wa kilohezi 3 hivi kwenye chaneli ya kilohezi 25. Kama huna kifaa cha kupimia, mwombe mwenzako mwenye kituo kilichopimwa alinganishe sauti yako na ya vituo vingine. Mwelekeo wa wengi ni kupandisha sana wakidhani watafika mbali. Wanachopata ni toni zilizokatwa vichwa.

Ucheleweshaji unaomeza kasi yako

Hapa ningependa twende taratibu, kwa sababu ndipo wengi walionunua modemu za 9600 walipokata tamaa.

Redio ikiwashwa kurusha, haitoi nguvu kamili papo hapo. Programu hungoja muda unaoitwa TXDELAY, ikituma alama za kujazia, ndipo ianze pakiti yenyewe. Sikiliza kwa redio ya pili: kabla ya mkwaruzo wa data utasikia mngurumo uliotulia, wa namna moja. Huo ndio muda unaopotea. Mazoea ni milisekunde 300, na wapo walioweka zaidi.

Sasa piga hesabu. Pakiti fupi ya baiti 60 kwa 1200 inachukua sekunde 0.4. Ongeza 0.3 ya kungoja, jumla 0.7. Peleka pakiti ileile kwa 9600: data inachukua sekunde 0.05, lakini kungoja ni kulekule, jumla 0.35. Kasi umeiongeza mara 8, faida umepata mara 2. Mtu akiona hivyo anarudi 1200, na simlaumu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupunguza TXDELAY kwa kupima. Kwenye Direwolf kipimo chake ni milisekunde 10, kwa hiyo `TXDELAY 30` ni 300. Kaa na mwenzako hewani, shusha tano tano, kila mara mtumie mfululizo wa pakiti, naye ahesabu zilizofika. Zikianza kupotea, rudisha tano na uache hapo. Redio zenye vifaa vya zamani zitagoma mapema, mpya zitashuka chini zaidi. Ipime redio yako yenyewe, usinakili namba ya mtu.

Ya pili ni kutuma vingi kwa pumzi moja. Mkiwa mmeunganishwa moja kwa moja kwa AX.25, weka `MAXFRAME 7`, yaani fremu (pakiti) 7 kwa mpigo, kiwango cha juu kwa AX.25 ya kawaida. Fremu 7 za baiti 200 kila moja, pamoja na anwani, zinachukua kama sekunde 10.6 kwa 1200 na 1.6 kwa 9600, kungoja kukiwamo. Hapo faida imepita mara 6 na unaanza kuiona kwa macho. Kwenye kiungo kibovu punguza fremu, kwa sababu moja ikipotea katikati zinazofuata hurudiwa nayo.

Kwenye chaneli ya watu wengi, acha `PERSIST 63` na `SLOTTIME 10` kama zilivyo. Maana yake kituo chako, kikikuta chaneli tupu, hurusha kwa bahati ya robo tu kila kipindi, kisha hungoja. Vituo viwili visivyosikiana lakini vinavyosikiwa na mnara mmoja vitagongana hata hivyo, na hakuna mpangilio unaoondoa hilo kabisa. Ndiyo sababu nyingine ya kuhamisha mazungumzo marefu kwenye masafa mengine mliyokubaliana na kuacha chaneli ya APRS kwa taarifa fupi.

FX.25: boresha bila kumwacha mtu

AX.25 ina uhakiki wa biti 16 mwishoni. Unaijulisha redio kwamba pakiti imeharibika, basi. Haiwezi kuitengeneza. Biti moja ikigeuka, pakiti nzima inatupwa.

Chukua pakiti yenye baiti 200 za ujumbe. Pamoja na anwani na uhakiki inafika takriban biti 1800. Kosa likiwa biti 1 kati ya 10,000, pakiti 84 kati ya 100 zitafika nzima. Kosa likiwa 1 kati ya 1000, zitafika 17 tu. Sauti ya mtu yenye kelele kiasi hicho ungeielewa bila shida, ila data imekufa.

FX.25 inaongeza baiti za kusahihisha za Reed-Solomon nje ya fremu ya kawaida. Baiti 16 za nyongeza zinaweza kutengeneza hadi baiti 8 zilizoharibika. Katika mfano wetu mbaya, pakiti hupata wastani wa makosa mawili hivi, kwa hiyo karibu zote zingeokolewa. Na kilichonifanya niipende ni kwamba fremu ya AX.25 imebaki ndani bila kuguswa. Redio ya zamani isiyojua FX.25 inaona pakiti ya kawaida na vikorokoro kandokando inavyovipuuza. Hakuna aliyefungiwa nje.

Kwenye faili ya mipangilio ya Direwolf andika `FX25TX 1`. Ndiyo kazi yote. Kupokea hakuhitaji mpangilio, kunatambuliwa kwenyewe. Angalia tu urefu: boksi la FX.25 lina nafasi ya baiti 239, anwani zikiwemo, kwa hiyo weka `PACLEN 200` na utakuwa salama.

Washa leo, hata kama hakuna mwingine aliyewasha. Siku mwenzako atakapofunga Direwolf, ataanza kunufaika na pakiti zako bila nyinyi kupatana.

Kuhama wawili: IL2P na 9600

Sasa yule mtu mmoja. Chagueni masafa yenu, ndani ya mpango wa bendi na masharti ya leseni zenu, mbali na chaneli ya APRS. Angalieni hasa upana wa mawimbi unaoruhusiwa hapo, na kumbukeni kwamba kanuni za kimataifa za redio haziruhusu watu wa ridhaa kuficha maana ya ujumbe. Kubana data kwa njia iliyochapishwa ni sawa, kuifunga kwa siri si sawa.

Anzeni na IL2P kwa 1200 ileile, kwa kuandika `IL2PTX 1` badala ya mstari wa FX.25. IL2P imeachana na fremu ya zamani: kichwa chake kimebanwa, usahihishaji umejengwa ndani, hakuna biti za kujazia. Ni nyepesi kuliko FX.25, lakini redio za zamani hazitaelewa kitu, ndiyo maana nasema muwe na masafa yenu. Msibadilishe kasi siku hiyohiyo. Mkibadilisha vitu viwili pamoja na kiungo kikakataa, hamtajua pa kugusa.

Kiungo kikitulia, nendeni 9600. Hapa tundu la maikrofoni halikufai tena. Modemu ya 9600, ya aina iitwayo G3RUH, inahitaji njia iliyonyooka kuanzia karibu na hezi sifuri hadi kama hezi 5000, na vichujio vya sauti ya mtu vitaikatakata. Tafuta nyuma ya redio tundu la data la pini 6. Lina pini tofauti kwa 1200 na kwa 9600 upande wa kupokea, na kwenye menyu ya redio mara nyingi kuna sehemu ya kuchagua mojawapo. Menyu hiyo husahaulika, na dalili yake ni kwamba kila kitu kinaonekana sawa ila hakuna pakiti hata moja inayofunguka. Weka `MODEM 9600`, punguza kiwango cha kurusha kuliko ulivyozoea, pandisha kidogokidogo huku mwenzako akihesabu.

Kuna redio zilizoandikwa kwamba zinakubali 9600 ambazo vichujio vyake vya ndani ni vyembamba. Ikiwa umbali ni mfupi, ishara ni kali, viwango vimepimwa, na bado nusu ya pakiti zinapotea, badilishaneni redio kwanza kabla ya kugusa antena.

Hapo mna kiungo kinachoweza kubeba hata TCP/IP, itifaki za intaneti. Phil Karn alikuwa akipitisha TCP/IP juu ya pakiti kwa programu aliyoitunga mwenyewe tangu miaka ya 1980, na anwani za intaneti zinazoanza na 44 zimetengwa kwa ajili yetu kwa miongo. Mwaka 2019 robo ya anwani hizo iliuzwa, na shirika linalozisimamia, ARDC, hutumia fedha hizo kutoa ruzuku kwa miradi ya redio na mawasiliano ya kidijitali. Mwenye wazo zuri lililo wazi kwa wote anaweza kuomba.

Wa tatu aje

Kiungo cha watu wawili hufa mmoja akihama nyumba. Kwa hiyo andikeni kila kitu mahali panaposomeka: masafa, aina ya redio, namba ya menyu ya tundu la data, TXDELAY mliyoifikia, mchoro wa kebo wenye namba za pini, na faili ya mipangilio kama ilivyo, ishara ya wito tu ndiyo ibadilishwe. Mgeni akipewa faili inayofanya kazi, anafika hewani jioni ileile. Akipewa ushauri wa mdomo, anahangaika wiki nzima kisha anarudi 1200.

Msizime kituo cha zamani. Kompyuta moja ya Direwolf inaweza kuendesha chaneli mbili kwa kadi ya sauti yenye njia mbili: ya kwanza ibaki APRS ya 1200 yenye FX.25, ya pili iwe kiungo chenu kipya. Jirani ambaye hajahama ataendelea kukusikia, na siku atakapouliza ile chaneli ya pili ni ya nini, mtumie faili.